Kalkuleta imekuachia mabano? Njoo tuivunje 1,234,567,890 kwa mkono

Jumamosi asubuhi hapa Pasua, Moshi, vijana wangu wa tuisheni wamekaa barazani, mvua ya usiku imesafisha hewa mpaka Kibo inaonekana yote, na binti mmoja wa PCM (fizikia, kemia na hesabu) anachezea kalkuleta yake, zile fx-991ES PLUS. Kabonyeza tarakimu zote kwa mstari, 1234567890, akabonyeza alama ya sawasawa, alafu SHIFT na kile kitufe cha digrii ambacho juu yake kimeandikwa FACT. Ikatoka hivi:

2 × 3² × 5 × (13717421)

"Ticha, hii ya kwenye mabano ndo namba tasa?" Wenzake wawili wakamjibu kabla sijafungua mdomo, ndiyo, kama kalkuleta imeshindwa kuigawa basi ni tasa. Nikawaambia wekeni kalkuleta pembeni, chukueni daftari na peni, leo tunaivunja wenyewe. Tulitumia asubuhi nzima na nimeona niandike hapa hatua zote kwasababu kosa la kudhani mabano maana yake ni tasa nimelikuta kwa wanafunzi wengi sana, na halina haja ya kuendelea kuwepo.

Kwanza mabano yenyewe. Ile kalkuleta haijaharibika, imeundwa kutafuta vigawo tasa vyenye tarakimu zisizozidi 3, yani inaishia 997 ambayo ndo namba tasa kubwa kuliko zote zenye tarakimu 3. Ikishafika hapo kilichobaki inakifungia kwenye mabano na kukukabidhi wewe. Kwa hiyo mabano yanasema kitu kimoja tu: humu ndani hamna kigawo tasa kidogo kuliko 1,000. Hayasemi kama ni tasa.

Kwa ambaye hili neno limempita miaka mingi, namba tasa ni ile inayogawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu. Mimi huwa nawapeleka sokoni Mbuyuni kwa mawazo. Mama ana nyanya 12, anaweza kupanga mafungu 3 ya nyanya nne nne, au 4 ya tatu tatu, au 2 ya sita sita, anajichagulia kulingana na bei. Ukimuongezea nyanya moja zikawa 13 basi kila akipanga mafungu yaliyo sawa kuna nyanya inabaki mkononi, labda azirundike zote fungu moja au auze moja moja. 13 ni tasa. Na kila namba nzima kubwa kuliko 1 inajengwa kwa kuzidisha namba tasa, na inajengwa kwa njia moja tu, ukiacha mpangilio wa kuziandika. Hilo la njia moja tu ndo linalofanya kazi yote ya leo iwe na maana, maana ukishazipata tasa zake umeipata namba yenyewe nzima nzima, hamna mtu atakuja na orodha nyingine.

Sasa tuanze kumenya. Usikimbilie kugawanya, iangalie namba kwanza. 1,234,567,890 inaishia na sifuri, kwa hiyo 10 imo, na 10 ni 2 × 5. Inabaki 123,456,789. Inaishia na 9, witiri, kwa hiyo 2 imeisha na 5 imeisha, tunazisahau. Jumlisha tarakimu: 1+2+3 mpaka 9 inakuja 45, na 45 inagawanyika kwa 9, basi namba nzima inagawanyika kwa 9. Gawanya unapata 13,717,421. Jumlisha tena tarakimu za hii mpya, 1+3+7+1+7+4+2+1 ni 26, na 26 haigawanyiki kwa 3, kwa hiyo 3 zilikua mbili tu, nazo zimeisha. Umefika pale pale ilipofika kalkuleta na hujatumia hata dakika tatu.

Inafuata 7, 11 na 13, na hizi tatu nazijaribu kwa mpigo mmoja kwasababu 7 × 11 × 13 ni 1,001. Hii kitu naipenda mno na sijui kwanini wengi hawaifundishwi mapema. Elfu moja ni 1,001 kasoro moja, kwa hiyo ukiigawa namba kwenye makundi ya tarakimu tatu tatu kuanzia kulia, kundi la kwanza unajumlisha, la pili unatoa, la tatu unajumlisha, unaenda hivyo hivyo. Kwa 13,717,421 ni 421 − 717 + 13, inakuja −283. Achana na alama ya kutoa, chukua 283 uijaribu: kwa 7 inabaki 3, kwa 11 inabaki 8, kwa 13 inabaki 10. Zote zimekataa, na kama zimeikataa 283 basi zimeikataa na 13,717,421. Namba ya mamilioni umeipima kwa kutumia namba ya tarakimu tatu.

Baada ya hapo ukitaka unaweza kuendelea na 17, 19, 23, ila hapa lazima ujiulize utaishia wapi. Jibu ni kipeuo cha pili cha namba. Kama namba inagawanyika ina vigawo viwili vinavyozidishana kuitoa, na haviwezi vyote viwili kuzidi kipeuo, maana zao lake lingeizidi namba yenyewe. Kwa hiyo kimoja kipo chini ya kipeuo au sawa nacho. Kipeuo cha 13,717,421 ni 3,703 na kidogo. Ina maana ukijaribu tasa zote mpaka 3,703 na zote zikakataa, hapo ndo una haki ya kusema hii ni tasa, kabla ya hapo huna.

Vijana wakaguna. Na wana haki ya kuguna, kwasababu nikupe jibu mapema kidogo: ukienda kwa kugawanya moja moja utakataliwa na tasa 503 mfululizo, ya 504 ndo itakubali. Mkono utauma na njiani utakosea kugawanya sehemu moja tu ukairuka ile yenyewe, kazi yote imekwenda na maji.

Kuna njia ya mzee mmoja Mfaransa, Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse ambaye hesabu alizifanya kwa mapenzi tu. Mwaka 1643 aliieleza kwa barua akitumia namba 2,027,651,281. Wazo lake linatoka kwenye kitu ambacho kila mtu alikisoma sekondari, tofauti ya miraba miwili: a² − b² = (a − b)(a + b). Yani badala ya kutafuta kigawo, unatafuta namba mraba ambayo ukiitoa namba yako kwake kinachobaki nacho ni namba mraba. Ukishaipata, vigawo vimejitokeza vyenyewe.

Tufanye na yetu, taratibu, na wewe shika peni. Unaanza na namba nzima ya kwanza iliyo juu ya kipeuo, yani 3,704.

3,704² ni 13,719,616. Toa 13,717,421, inabaki 2,195. Je 2,195 ni namba mraba? Usitafute hata kipeuo, angalia mkia. Namba mraba inayoishia na 5 lazima iishie na 25, na hii imeishia na 95. Imekataa.

Sogea 3,705. Usizidishe upya, maana kutoka 3,704² kwenda 3,705² unaongeza 3,704 + 3,705 tu, ambayo ni 7,409. Kwa hiyo na baki nayo inaongezeka kwa 7,409: 2,195 + 7,409 = 9,604. Mkia ni 04, huo unaruhusiwa. Kipeuo cha 9,604? 100² ni 10,000, kwa hiyo ni chini ya mia kidogo, jaribu 98, 98 × 98... 9,604.

Yule binti alinyanyua kichwa akaniangalia bila kusema kitu, alafu akarudia kuzidisha 98 kwa 98 pembeni ya daftari kuhakikisha. Ni kweli. Basi:

13,717,421 = 3,705² − 98² = (3,705 − 98)(3,705 + 98) = 3,607 × 3,803

Hatua mbili tu. Zile tasa 503 za kukataliwa zimeepukwa kwa mistari miwili ya daftari.

Hapa usishangilie ukafunga daftari, kazi haijaisha. Kwanza hakikisha zao. 3,607 × 3,800 ni 13,706,600, ongeza 3,607 × 3 ambayo ni 10,821, jumla 13,717,421. Sawa. Wazee wetu walimu walikua na njia ya kutoa tisa tisa na mimi naitumia mpaka leo: 3,607 tarakimu zake zinajumlika 16, yani 7, na 3,803 zinajumlika 14, yani 5, na 7 × 5 ni 35 ambayo inakuja 8. Upande wa pili 13,717,421 ni 26, inakuja 8. Zimekubaliana. Ila ujue hii haikamati mtu aliyegeuza tarakimu, 3,803 ukiiandika 3,830 itapita bila kusema kitu, kwa hiyo mimi naongeza na kipimo cha 11, jumlisha na toa tarakimu kwa zamu kuanzia kulia. 3,607 inatoa 10, 3,803 inatoa 8, zao 80, ukigawa kwa 11 inabaki 3. Na 13,717,421 inatoa −8, ambayo kwa 11 ni sawa na 3. Vipimo viwili vikikubaliana kosa la kawaida la mkono limeshakosa pa kujificha.

Pili, nani kasema 3,607 ni tasa? Fermat hajasema. Yeye kakupa vigawo viwili tu na kila kimoja bado kinaweza kuwa na wenzake ndani. Kwa bahati kalkuleta ilishatusaidia, ilisema hamna kigawo chini ya 1,000, na kipeuo cha 3,607 ni 60 na kidogo, kwa hiyo jibu tayari tunalo. Lakini nilitaka waone kwa macho yao, tukafanya kama vile hatuna kalkuleta. Mpaka 59 kuna tasa 17 tu. 2, 3 na 5 zinaonekana kwa macho hazimo. 7 inabakisha 2, 13 inabakisha 6, 17 inabakisha 3, na 59 ya mwisho inabakisha 8, na zile za katikati nazo zote zina baki. 3,803 inahitaji moja ya ziada, 61, nayo inabakisha 21. Hapo sasa tunaandika kwa kalamu:

1,234,567,890 = 2 × 3² × 5 × 3,607 × 3,803

Na sasa ndo raha inaanza, kwasababu huo mstari mmoja unakujibu maswali ambayo bila huo ungehangaika nayo mwezi mzima.

Vigawo vyake ni vingapi? Fikiria umekaa kwa mama ntilie unajipangia sahani. 2 uiweke au usiiweke, chaguo 2. 3 usiiweke, uiweke moja, au uweke mbili, chaguo 3. 5, 3,607 na 3,803 kila moja chaguo 2. Zidisha 2 × 3 × 2 × 2 × 2, unapata 48. Namba hii ina vigawo 48 kamili, ukianza na 1 na kumaliza na yenyewe, hakipungui hakiongezeki.

Jumla ya hivyo vigawo vyote? Usiviandike. Zidisha (1+2)(1+3+9)(1+5)(1+3,607)(1+3,803), yani 3 × 13 × 6 × 3,608 × 3,804, inakuja 3,211,610,688. Toa namba yenyewe inabaki 1,977,042,798, ambayo ni kubwa kuliko 1,234,567,890. Kwa maneno mengine vigawo vyake vidogo ukivijumlisha vinaizidi namba iliyovizaa. Wagiriki wa zamani walizitenga namba kwa kipimo hiki, zipo zinazozidiwa kama hii, zipo ambazo vigawo havifikii, na zipo chache zinazolingana sawasawa, namba kamilifu, kama 6 ambayo ni 1+2+3, na 28, na 496, na 8,128.

Kuna namba ngapi kuanzia 1 mpaka hapo ambazo hazina kigawo cha pamoja nayo zaidi ya 1? Kwa kila tasa iliyotokea mara moja toa 1, na kwa 3² chukua 3 × 2. Yani 1 × 6 × 4 × 3,606 × 3,802, jibu 329,040,288. Hii ni kazi ya Leonhard Euler, Mswisi, na usiione ni ya mapambo tu, nitairudia chini.

Nyingine ambayo vijana waliing'ang'ania sana: je inaweza kuandikwa kama jumla ya miraba miwili? 90 inaweza, ni 81 + 9, yani 9² + 3². Na 90 ndo ile 2 × 3² × 5 ya mwanzo wa namba yetu. Sheria inasema angalia kila tasa ambayo ukiigawa kwa 4 inabaki 3, lazima itokee mara shufwa. 3 imetokea mara mbili, imepona. Lakini 3,607 kwa 4 inabaki 3 na imetokea mara moja, na 3,803 hivyo hivyo. Kwa hiyo haiwezekani. Hata ukeshe na kompyuta mwaka mzima hutaipata a² + b² inayoleta 1,234,567,890. Na tofauti ya miraba miwili je? Nayo haiwezekani, kwasababu namba yenyewe ikigawanywa kwa 4 inabaki 2, na tofauti ya miraba haibakishi 2 hata siku moja. Si unaona sasa kwanini tuliimenya 2 kabla ya kumuita Fermat? Ukimuanzishia na namba ambayo bado ina 2 moja ndani atatembea na wewe mpaka kesho bila kufika.

Kidogo nitoke nje. Kompyuta nyingi zinahesabu muda kwa sekunde kuanzia 1 Januari 1970 saa sita usiku kwa saa za Greenwich, na sekunde ya 1,234,567,890 iligonga tarehe 13 Februari 2009, ambayo kwetu huku ilikua imeshaingia tarehe 14, saa nane na dakika 31 usiku na sekunde 30. Miaka 39 na ushee ya sekunde. Nawaambiaga vijana hii ili waisikie ukubwa wake, maana bilioni kwenye daftari inaonekana ndogo.

Turudi. Lazima niseme wazi Fermat anafaulu lini na anashindwa lini, maana mtu atatoka hapa akaitumia kila mahali alafu aseme nilimdanganya. Inafaulu haraka vigawo viwili vikiwa jirani. 3,607 na 3,803 zimepishana 196 tu, ndo maana hatua mbili zilitosha. Yeye mwenyewe kwenye ile 2,027,651,281 alifika baada ya majaribio 12, kuanzia 45,030 mpaka 45,041, akapata 44,021 × 46,061. Vikiwa mbali ni mateso. Chukua urefu wa Kilimanjaro huu hapa mbele yetu, 5,895. Gawa kwa 5, gawa kwa 3, inabaki 393. Mtu akisahau kujumlisha tarakimu, 3+9+3 ni 15, akakimbilia miraba, ataanza na 20 na atakuja kufika kwenye 67² − 64², ni majaribio 48 kupata 3 × 131, wakati 3 ilikua inamtazama usoni. Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu: menya tasa ndogo kwanza, mpaka 13 au hata 50 ukiwa na nguvu, alafu mpe Fermat hatua kumi au ishirini, akishindwa rudi kugawanya au washa kompyuta. Kwenye kompyuta ya Linux, au hata app ya Termux kwenye simu, unaandika tu factor 1234567890 na inakutolea 2 3 3 5 3607 3803 kabla hujainua kidole. Itumie, ila iwe baada ya kufanya yako kwa mkono angalau mara moja, ili siku ikikuletea jibu ujue umeletewa nini.

Na Meru, kwasababu siku ile ilikua inaonekana kule magharibi na kijana mmoja wa Arusha asingekubali tuisahau: mita 4,562, ni 2 × 2,281, na 2,281 ni tasa, jaribu mpaka 47 utaona zote zinakataa. Hii 2,281 ina heshima yake. Ukiichukua 2 ukaipandisha kipeo cha 2,281 alafu ukatoa 1, unachopata nacho ni tasa, yenye tarakimu 687, na aliyeithibitisha ni Raphael Robinson mwaka 1952 kwa kutumia kompyuta ya SWAC kule Los Angeles. Tasa za aina hiyo zinaitwa za Mersenne na ni chache mno. Iliyotangazwa Oktoba 2024 kuwa kubwa kuliko tasa zote zilizojulikana nayo ni ya ukoo huo huo, 2 kipeo cha 136,279,841 kutoa 1, ina tarakimu zaidi ya milioni 41.

Mtu atauliza, namba ya tarakimu 687 nani kaigawa mpaka kipeuo? Hakuna. Kwa namba kubwa hivyo kuna vipimo vinavyosema tasa au sio tasa bila kutafuta kigawo hata kimoja. Cha mwanzo kabisa ni cha Fermat huyo huyo: kama p ni tasa isiyo 2, basi 2 kipeo cha p − 1 ukiigawa kwa p inabaki 1. Ikibaki kitu kingine, p sio tasa, kesi imefungwa. Tatizo ni upande wa pili, ikibaki 1 hujathibitisha. Chukua 341. 2 kipeo cha 10 ni 1,024, na 341 × 3 ni 1,023, kwa hiyo inabaki 1, na 2 kipeo cha 340 ni hiyo hiyo 1 ukiizidisha yenyewe mara 34, bado 1. Kipimo kimeipitisha. Wakati 341 ni 11 × 31. Ndo maana wataalamu wanatumia vipimo vikali zaidi, na mwaka 2002 Wahindi watatu, Agrawal, Kayal na Saxena, walitoa njia ya kwanza ya kuthibitisha utasa wa namba yoyote kwa uhakika kamili, bila kubahatisha, na kwa muda unaovumilika hata namba ikirefuka.

Kujua kwamba namba sio tasa ni rahisi kuliko kujua vigawo vyake ni vipi, na kwenye hilo pengo ndo kuna usalama wa vitu vingi unavyotumia kwenye simu. RSA, njia ya mwaka 1977 ya kufunga ujumbe kwa siri, inachukua tasa mbili kubwa, inazizidisha, zao inaliweka wazi kwa kila mtu, na anayetaka kufungua lazima aijue ile hesabu ya Euler niliyosema nitairudia, ambayo huwezi kuipata bila kuzijua tasa zenyewe. Namba ya RSA ya tarakimu 250 ilivunjwa mwaka 2020 kwa kompyuta nyingi kwa pamoja. Ile ya tarakimu 617 mpaka leo imesimama. Ila hata hapo ukizichagua tasa mbili zikawa jirani sana umemfungulia Fermat mlango, na sio nadharia, mwaka 2022 mtafiti Hanno Böck alionyesha funguo za kweli kwenye baadhi ya printa zinavunjika kwa njia hii hii ya 1643 tuliyoifanya barazani na peni.

La mwisho tulilofanya siku ile ni KKS. Yule binti aligeuza namba, akaandika 987,654,321 chini ya 123,456,789 akauliza kigawo kikubwa cha shirika ni kipi, na akaanza kuzivunja zote mbili. Nikamwambia subiri, kwa KKS huhitaji kuvunja chochote. Gawa kubwa kwa ndogo, chukua baki, gawa ndogo kwa baki, endelea mpaka isibaki kitu, baki ya mwisho kabla ya sifuri ndo jibu lako. Ni njia ya Euclid, Mgiriki wa zamani, ina zaidi ya miaka 2,000. Akagawa: inaingia mara 8, na inabaki 9. Tisa tupu! Alafu 123,456,789 kwa 9, tulishajua tangu asubuhi kwamba inagawanyika. KKS ni 9, mistari miwili.

Lakini akasema bado anataka kuivunja hiyo iliyogeuzwa. Akaigawa kwa 9 akabaki na 109,739,369, akajaribu 7, 11 na 13 kwa makundi ya tatu tatu, zikakataa, akajaribu 17 ikakubali, akajaribu 17 tena ikakubali tena, akabaki na 379,721. Kipeuo ni 616 na kidogo, kwa hiyo mwisho ni 613, jumla tasa 112 za kupima. Hatua ishirini za Fermat hazikutoa kitu. Jibu ninalo ila sikumwambia, na wewe pia sikuambii. Jioni anaondoka alikua amefika 211, baki zote kaziorodhesha safu kwa safu kwenye daftari la katikati, na akasema Jumamosi ijayo atakuja na zilizobaki.